Baba Mkwe na Ukuta Ulionuka Kondoo

Tangu azikwe watu hawajaacha kuja kutupa pole, na kila anayekuja anasema lile lile: alikuwa mpole, alikuwa na hekima, hajapata kumuudhi mtu. Mimi namimina kahawa, nasogeza tende, nanyamaza. Lakini jana amekuja mama mmoja, hata simjui kaingilia mlango gani, akanishika mkono akaniambia, "Wewe mwanangu ulijaaliwa baba mkwe kama malaika." Hapo nikasema basi, nitaandika. Mungu amrehemu na amlaze mahali pema. Lakini malaika hawatii mablangeti ya watu ndani ya ukuta.

Mimi nimeishia sekondari, kwa hivyo asiyependa ninavyoandika aache kusoma. Nimeishi miaka sita ndani ya ua wa huyu bwana, Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, na haki ya kumweleza ninayo. Kazaliwa wapi na babu yake alikuwa nani siandiki. Hayo alikuwa akiyahadithia mwenyewe kila Ijumaa baada ya chakula, na aliyetaka kuyajua anayajua.

Adui yake alikuwa joto. Si kama sisi wote, ambao tunalilaumu tu kisha tunawasha AC. Yeye alilichukia kama mtu anavyomchukia jirani aliyemdhulumu kiwanja. Alitundika vipimajoto uani, barazani, jikoni, na kimoja juu ya kitanda cha mwanangu, na kila asubuhi alivipitia vyote mikono nyuma kama mkaguzi. Ukimwamkia, "Shikamoo baba," hakuitikia marahaba. Aliitikia, "Arubaini na tatu, na saa tatu haijafika!" Nilipoolewa nilidhani ni presha yake.

Nyumba yetu mimi na mume wangu aliijenga yeye, nyuma ya nyumba kubwa, na aliijenga kwa mbao. Mtaa mzima umejengwa kwa tofali za saruji, kwa hivyo wanaume wa msikitini walikuja kuangalia na kucheka. Mmoja alimuuliza kama anafuga kuku. Yeye akamjibu, "Nyumba yako inakunywa jua mchana kutwa, kisha inalitapikia kitandani kwako. Nenda kalale nalo."

Mtu asiyeijua nyumba ya mbao aifikirie hivi: ni mifupa na ngozi mbili. Nje mbao, ndani ubao mweupe wa jipsamu, katikati kuna uwazi kama upana wa kiganja. Huo uwazi ndio uliokuwa mapenzi ya maisha yake. Zamani, alipokuwa serikalini, idara yake ilimpeleka kozi Uingereza, akawaona Wazungu wanaujaza uwazi huo vitu laini na nyumba inakaa starehe. Alirudi na cheti, na koti zito ambalo halikuvaliwa tena, na maneno aliyotusomea mpaka tukayaota: "Wenzenu wanajenga kuta. Mimi nnajenga hewa iliyokaa kimya."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo. "Ukuta ni nguo." "Mlango ulioachwa wazi ni bomba lililopasuka." Mimi nikikaanga samaki mchana alisimama dirishani na kuniambia, "Mwanangu, unakaanga ndani ya friji." Siku moja nilimjibu kwamba friji haina mume anayerudi kazini na njaa. Akaliwaza jambo hilo kwa dhati, akasema, "Kweli. Kaanga, lakini upesi."

Wageni walikuwa wanamwogopa. Sisi tukipata mgeni tunamfukiza udi, ndiyo heshima. Yeye alikipokea chetezo kwa mamamkwe kana kwamba anataka kusaidia, kisha akaanza kukipitisha ukutani, kwenye fremu za dirisha, nyuma ya vichwa vya watu, akiutazama moshi unakoelekea. Moshi ukiyumba alifurahi. "Hapo! Hapo hewa inavuja! Bwana mkubwa, hebu inamisha kichwa." Nimemwona kwa macho yangu akimwinamisha mtu mzima na kilemba chake, mtu aliyekuja kuposa. Mamamkwe akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Bwana we, unamfukiza mgeni au unaufukiza ukuta?"

"Ukuta ndiye mwenyeji," alisema, na akaendelea.

Sasa sikilizeni jambo linalonichemsha mpaka leo. Mtu huyu, aliyekuwa akizima AC yangu kila nikienda chooni, aliyesema AC ni ulevi na kwamba mwenye ukuta mzuri haihitaji, alikuwa na tabia ya kukaa ndani ya gari lake uani, injini inanguruma, vioo vyote juu, AC ya gari mwisho kabisa, anasikiliza redio na kunywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Saa nzima! Nilipomuuliza, alisema, "Gari si nyumba." Huo ndio uliokuwa ufafanuzi wote.

Na huyo huyo, ili nisionekane mwongo, alfajiri akitoka msikitini alikuja kumchukua mtoto aliyenikeshesha, akamzungusha uani kabla jua halijaamka, akimsomea vipimajoto kimoja kimoja kama anamfundisha herufi. Mimi nikalala. Hilo namshukuru. Mengine nayahesabu.

Turudi kwenye mablangeti. Ndani ya nyumba za watu wetu hapa Maskati kuna mablangeti ambayo hakuna binadamu aliyepata kujifunika. Yanaletwa harusini, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu na mkono wa kubebea, mazito kama kondoo mzima, yana picha za chui na tausi na mawaridi makubwa kama sahani. Hayafunguliwi. Yanawekwa juu ya kabati na chini ya kitanda, yanangoja harusi nyingine, yanatolewa zawadi tena. Mamamkwe aliwahi kuletewa blangeti akalijua: ni lile lile alilolitoa mwenyewe kwa binti wa shoga yake. Akalipokea, akalisifu, akalirudisha juu ya kabati. Hiyo ni mali. Mwanamke akikuonyesha kabati lake la mablangeti anakuonyesha nani anamjali.

Baba mkwe hakuona hivyo. Yeye aliona kitu laini kisicho na kazi.

Nyumba ya mbao ilikuwa imesimama mifupa na ngozi ya nje, imebaki kujazwa na kufungwa ndani, nilipojifungua. Nikaenda kwa mama yangu, arubaini yangu. Wakati huo huo mamamkwe akaenda umra na wifi zake. Kwa hivyo ua ule ulibaki na wanaume watupu, na mwanamke yeyote anayesoma hapa anajua kilichofuata.

Aliyenihadithia ni fundi mwenyewe, Mkenya anayefanya kazi za mbao huko Ruwi, mjini. Anasema alipofika alidhani wataweka ile sufi ya kioo ya manjano inayouzwa madukani.

"Mzee, si tununue tu ile ya duka? Iko hapo Ruwi, ni ya kazi hii hii."

"Ile inawasha. Niliishika kule kozi, nikajikuna wiki nzima mbele ya mwalimu."

"Inawasha mtu, mzee. Ukuta haujikuni."

"Leta ngazi, fundi."

Kisha yakaanza kutoka mablangeti, mfuko baada ya mfuko. Fundi akasimama.

"Mzee, hizi ni blanketi za harusi."

"Nnajua."

"Na mama akirudi?"

"Fundi, wewe umekuja kupiga misumari au kuhoji watu?"

"Misumari, mzee. Ni vile tu na mimi nimeoa."

Wakayashindilia. Hewa iliyokaa kimya, anayoisifu, wakaikanyaga kwa miguu mpaka ikatoka yote. Na juu yake, upande wa ndani ya nyumba, nyuma ya jipsamu, akatandaza nailoni kutoka pembe hadi pembe, safi, bila tundu, kama alivyofundishwa kozi. Wakafunga, wakapaka rangi. Mume wangu alikuwepo. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema kitu, alinijibu, "Nilidhani umeambiwa." Na nani? Na ukuta?

Nikarudi na mwanangu mikononi, nyumba inang'aa. Mpaka mwanzo wa joto nilikuwa naisifu kwa watu. Kisha joto likaingia sawasawa, lile la Maskati linalokuja na bahari yote ndani yake, ukitoka nje nguo zinakuganda. Nikawasha AC ya chumba cha mtoto, na chumba kikaanza kunuka.

Mwanzo kidogo. Kisha sana. Kilinuka kondoo aliyenyeshewa. Nikafua mapazia, nikafua godoro, nikahamisha kitanda. Mamamkwe akaja na chetezo chake, akakaa dakika mbili, akaniambia kwa upole unaoumiza kuliko kofi, "Mwanangu, mikojo ya mtoto ukiiacha inaingia mpaka kwenye sakafu."

Mimi! Mimi niliyekuwa nafua nguo za mtoto mpaka vidole vimekunjamana! Ikafika mahali wifi zangu wakija wanabusu mtoto mlangoni na hawaingii. Na baba mkwe, malaika wenu, alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akatazama kipimajoto, akasema, "Harufu sijui. Lakini ishirini na tano, mashallah."

Harufu ningeivumilia. Mtoto akaanza kukohoa. Kifua kinapiga filimbi, usingizi hana, mimi sina. Daktari akamsikiliza, akaniuliza kama nyumbani kuna unyevunyevu. Nikamjibu vibaya, nikamwambia, "Daktari, tuko Maskati, unyevu wa ukutani utoke wapi?" Akaandika dawa, akasema tu niangalie.

Siku ya pili, ilikuwa Ijumaa, watu wako nyumba kubwa wanakula. Mimi nikapiga magoti chumbani, nikachokoa kwa kisu cha jikoni pale jipsamu inapokutana na sakafu. Kisu kikazama kama kwenye mkate uliolowa. Nilipokitoa, yakatoka maji.

Sikumwita mtu. Nilichukua nyundo kwenye sanduku la mume wangu, nikapiga. Jipsamu ikamomonyoka. Nikapata nailoni, upande wa nyuma umejaa matone kama mtu anatoka jasho. Nikaipasua. Na pale, ndani ya ukuta wa chumba cha mwanangu, jicho la chui likanitazama.

Nilipiga ukelele ambao nadhani waliusikia mpaka Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa pili. Wakaja wote mbio, mikono ina mchuzi. Mimi nishalishika chui shingo, navuta. Likatoka zima, linachuruzika, lina ukungu mweusi mgongoni, na nyuma yake likafuata tausi. Mamamkwe akasimama mlangoni akitazama kama anayetazama maiti ya mtu anayemjua.

"Hili si blangeti langu?"

Baba mkwe akakitazama kipimajoto.

"Bwana. Hili si blangeti langu nililoletewa na shangazi wa Sur?"

"Nililitumia," baba mkwe akasema. "Wewe ulikuwa unaliweka tu."

"Nimemshuku dada yangu! Nimemwambia dada yangu wa tumbo moja alalapo kwangu asibebe vitu! Mwezi wa ngapi huu hatusemezani!"

"Lina joto zuri sana lile blangeti," akasema. Wallahi ndivyo alivyosema.

Kila mtu akaanza kusema wakati mmoja. Mamamkwe anavuta tausi, wifi zangu wanazitambua harusi moja moja, mume wangu anatafuta ndoo. Habari ikawa ya mablangeti. Mimi mablangeti hayakunihusu hata kidogo. Nikamnyanyua mwanangu, nikasema kwa sauti ambayo mke wa mtu haitumii mbele ya baba mkwe: "Huyu anapumua ukungu tangu joto lianze, na nyote mmeniambia mimi ni mchafu. Sisi hatulali tena humu. Mpaka huu ukuta ukauke, mimi sina nyumba hapa."

Akanijibu jambo moja tu, na hakunijibu mimi, aliujibu ukuta: "Lakini nailoni nimeiweka sawasawa. Ndani. Kama kozi."

Tukahamia Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la masanduku. Kelele mtindo mmoja, lakini kukavu. Kikohozi kikapungua wiki ile ile, na mume wangu akaanza kuzungumzia kununua kabati. Mwanamume akizungumzia kabati basi harudi kwao. Nilijua, na mamamkwe alijua, maana alikuwa ananipigia simu kila siku, anauliza hali ya mtoto kisha anangoja nimwambie tunarudi. Mjukuu ni wa kwanza. Mimi simwambii.

Kwa simu hizo hizo ndipo nilipopata habari za baba mkwe. Kwamba havipitii tena vipimajoto. Kwamba anashinda ndani ya gari. Na kwamba asubuhi moja amekaa humo, AC inavuma, kioo kikaingia ukungu, akakifuta kwa leso. Haukutoka. Akafuta tena kwa nguvu, haukutoka. Akateremka, akapitisha kidole juu ya kioo upande wa nje, na kidole kikachora mstari. Mamamkwe alimwona kutoka dirishani amesimama na kidole kilicholowa, jua linampiga utosini, hasogei. Akamwita aingie ndani. Yeye akasema, "Ukungu uko nje. Bibi we, uko nje!" Akaenda kutafuta nyundo.

Ilipita muda, joto bado lipo, nikasikia mtu anapanda ngazi zetu za Ruwi taratibu, anapumzika kila ghorofa. Nikafungua. Yuko na kanzu ya kazi, mikono yote myekundu, ina vipele mpaka kwenye viwiko.

"Baba, umepatwa na nini?"

"Sufi ya dukani," akasema. "Inawasha kama nilivyosema."

Nikampa maji. Hakukaa.

"Sikuja kukuomba urudi," akasema. "Nimekuja kukuomba pua."

"Nini?"

"Pua yako. Mimi yangu kazi haifanyi. Mama yenu yake imejaa udi. Wewe ndiye uliyeijua ile harufu. Njoo unuse, useme, nikurudishe."

Mtoto nikamwacha na baba yake. Njiani ndani ya gari akanieleza, macho mbele, kama anaieleza barabara. Kwamba maji yanakaa pale hewa ya moto inapogusa kitu cha baridi. Kwamba kule Uingereza hewa ya moto na ya majimaji iko ndani, kwa hivyo wanatia nailoni ndani ili isiingie ukutani. Na hapa kwetu iko nje, inapenya mbao, inakuja kugonga nailoni iliyopozwa na AC, inageuka maji, inamnywesha chui.

"Miaka yote hiyo," nikamwambia, "na hukujua joto la Maskati liko upande gani?"

Akaendesha mpaka taa nyekundu.

"Niliivisha nyumba koti," akasema. "Koti la watu wengine." Zaidi ya hapo hakuniomba radhi, si siku ile wala siku nyingine.

Chumba cha mtoto kilikuwa kimefungwa upya, nailoni safari hii upande wa nje, rangi bado mbichi, AC imewashwa, mimi sikuambiwa tangu lini. Nikafunga mlango. Nikanusa pembe ya kwanza, nikanusa chini ya dirisha, nikalala kifudifudi na abaya yangu nikanusa sakafu inapokutana na ukuta. Yeye amesimama katikati, vipele anavikuna pole pole asinisumbue, na kila nikivuta pumzi na yeye anavuta, kana kwamba tunashirikiana pua moja. Nikapitisha kiganja ukutani kutoka juu hadi chini. Nikachukua kisu changu mkobani, maana nilikuja nacho, nikachokoa pale pale pa zamani. Kikagota.

"Pakavu," nikasema.

Akatoa pumzi ndefu, akashika kiuno.

"Na ukuta wa jikoni?"

"Wa jikoni bado. Nimeufungua tu. Mgongo umekataa."

"Nao una mablangeti?"

"Una tausi mwingine," akasema. "Na yale mawaridi."

"Mwanangu haji kulala nyumba yenye nusu ukuta."

"Nnajua. Ndiyo maana nikasema sikuja kukuomba urudi."

Nikatoka nikaenda jikoni. Ukuta uko wazi, mbao zimesimama kama mbavu, tausi na mawaridi bado katikati yake, sufi ya manjano imepangwa chini kwenye marobota, nailoni bado imeviringishwa, nyundo juu yake. Nikapiga simu Ruwi nikamwambia mume wangu ampe mtoto chakula na asinunue kabati. Kisha nikakunja mikono ya abaya, nikafunga mtandio nyuma ya shingo, nikaiegemeza ngazi.

"Nitapanda mimi," nikamwambia. "Wewe shika. Na sitaki kusikia habari za kozi."

Akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, hata vipele akaacha kuvikuna.